Eksirei ya mfupa wa kijana: mwongozo wa kutambua uvimbe kabla ya kushika kisu

Kijana akifika kituoni na goti lililovimba, mambo matatu huja akilini upesi: aliumia mpirani, ana usaha ndani ya mfupa, au ni mgonjwa wa selimundu, ile tunayoiita sikoseli. Mara nyingi moja kati ya hayo ndilo lenyewe, na ndiyo maana la nne hupita bila kuonekana. Saratani ya mfupa ni nadra. Mhudumu anaweza kukaa miaka bila kukutana nayo, kisha ikaja siku ambayo foleni imefika mpaka chini ya mwembe na picha inasomwa kwa kuinuliwa dirishani mara moja tu.

Mwongozo huu nimewaandikia klinikal ofisa, wauguzi, wapiga picha za eksirei na madaktari wa hospitali za wilaya hapa Uganda, hasa sisi tunaozungumza na wagonjwa kwa Kiswahili: kwenye kambi za jeshi, kule Arua na Koboko, na kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali. Sitaki umpe mgonjwa jina la ugonjwa. Jina hilo hutoka maabara ya patholojia, inakochunguzwa nyama ya uvimbe. Ninachotaka ni uweze kutenganisha picha ya kusubiri na picha ya kutuma leo, na ujue mambo ya kutofanya mgonjwa akiwa bado mikononi mwako. Kwangu mimi hili la pili ndilo kubwa. Uvimbe uliochelewa kutambuliwa ni tatizo; uvimbe uliochelewa na juu yake ukakatwa kama jipu ni tatizo kubwa zaidi.

Hatua ya 1: Msikilize kabla ya kumpeleka kwenye mashine

Maumivu ya uvimbe mbaya huanza kwa kuja na kuondoka, kisha hukaa moja kwa moja. Hayahitaji kazi wala mchezo. Humsumbua kijana akiwa amelala na humwamsha usiku. Mzazi akisema "siku hizi halali", usiliache neno hilo lipite. Uliza ni tangu lini, na kama dawa za kutuliza bado zinasaidia.

Karibu kila kijana atakuambia alianguka. Watoto huanguka kila siku. Kuanguka hakuleti saratani, hufanya tu mguu utazamwe. Kwa hiyo panga tarehe: aliumia lini, uvimbe ulianza lini, na wiki hii ukoje ukilinganisha na wiki iliyopita. Jeraha la kawaida hupungua wiki hadi wiki. Linaloongezeka baada ya wiki tatu lipigiwe picha, hata kama timu nzima ilimwona akigongwa.

Mambo mengine ya kukufanya uandike fomu ya eksirei siku hiyohiyo ni uvimbe mgumu ulioshikamana na mfupa, kuchechemea bila sababu, na mfupa uliovunjika kwa jambo dogo, kama kugeuka kitandani au kushuka kwenye boda boda. Huko Uingereza mwongozo wa taifa unataka mtoto au kijana mwenye uvimbe au maumivu ya mfupa yasiyoelezeka apigwe eksirei ndani ya saa 48. Kwetu mashine huenda iko mbali au imeharibika, lakini kipimo hicho cha haraka ni kizuri kukiweka kichwani: hili ni jambo la siku, halingoji kliniki ya mwezi ujao.

Usidanganywe na sura ya afya. Vijana wengi wenye osteosakoma, saratani ya mfupa inayowashika vijana zaidi, hula, hucheka na huenda shule; hawajakonda wala hawana homa. Kwa upande mwingine, homa haiiondoi saratani, kwa sababu sakoma ya Ewing, ambayo ni saratani nyingine ya mfupa, na saratani za damu huleta homa pia.

Maumivu ya ukuaji yapo, na wazazi wanayajua. Hayo huja jioni au usiku, kwa miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida. Mguu mmoja, sehemu ileile, kila siku: hayo si maumivu ya ukuaji. Na kijana anayelalamikia goti ilhali goti lenyewe halina kitu, mpime nyonga. Ugonjwa wa nyonga hupenda kujitangaza gotini.

Hatua ya 2: Pata picha inayosomeka

Picha mbovu hupoteza mwezi mzima. Andika kwenye fomu umri, upande, sehemu inayouma, muda wa maumivu, na maneno "nashuku uvimbe wa mfupa". Mpiga picha aliyeandikiwa "goti, maumivu" atapiga goti peke yake, na uvimbe ulio sentimita kumi juu yake utabaki nje ya filamu.

Piga pande mbili, mbele na ubavuni. Upande mmoja pekee hautoshi kamwe, kwa sababu uvimbe ulioota nyuma ya paja hujificha kabisa kwenye picha ya mbele. Onyesha mfupa mzima pamoja na kiungo cha juu na cha chini yake, hata kama italazimu filamu mbili. Acha nafasi ya nyama za pembeni hadi kwenye ngozi. Kwa mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, ukiwa na shaka piga na mguu usio na ugonjwa wa upande wa pili ulinganishe. Mistari ya ukuaji imewatisha wengi bure.

Kabla ya kupiga, osha ngozi. Hili linaonekana dogo, lakini wengi wa wagonjwa hawa wamepita kwanza kwa mganga au kwa muunga mifupa. Udongo uliopakwa gotini hutoa vidoti vyeupe kwenye picha, na ukivikuta juu ya mfupa utaapa kwamba ni chokaa ndani ya uvimbe. Hirizi yenye chuma, bandeji nzito na plasta ya zamani navyo viondolewe kama inawezekana. Weka alama ya kulia au kushoto. Msichana aliyevunja ungo aulizwe hedhi yake ya mwisho, faraghani, mama akiwa nje.

Ukipiga picha ya filamu kwa simu ili kumtumia mtaalamu, iweke kwenye kisanduku cha mwanga, au kwenye kioo cha dirisha lenye mwanga mweupe, uzime taa ya simu, usimame wima mbele yake. Funika jina la mgonjwa kwa kipande cha karatasi, acha umri na alama ya upande. Tuma picha nzima kwanza, ndipo utume ya karibu. Watu wengi hutuma ya karibu peke yake, na anayepokea hajui hata ni mfupa gani.

Hatua ya 3: Soma kwa mpangilio mmoja kila siku

Wapasuaji wa mifupa hutumia maswali yaliyoenezwa na William Enneking, mpasuaji wa Marekani: kidonda (yaani sehemu ya mfupa iliyoharibika) kiko wapi, kinaufanya nini mfupa, mfupa unajibu vipi, na ndani yake kuna nini. Mimi huanza na umri, kwa sababu umri pekee hupunguza orodha kwa nusu.

*Umri.* Chini ya miaka 5, kidonda kinachoula mfupa mara nyingi ni maambukizi, saratani ya damu, au uvimbe uliotoka kwingine mwilini kama neuroblastoma, saratani ya neva ya watoto wadogo. Kati ya miaka 10 na 20 ndipo osteosakoma hutawala, miaka ileile ambayo kijana anarefuka haraka. Sakoma ya Ewing huangukia umri huohuo na huanza mapema kidogo, lakini ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Kiafrika. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya na Marekani huiweka juu ya orodha. Hapa Uganda ishushe, ila usiifute. Baada ya miaka 20, bamba la ukuaji (gegedu ambako mfupa hurefukia) likishafunga, uvimbe wa seli kubwa huingia kwenye orodha.

*Mahali.* Gawa mfupa mrefu sehemu tatu: ncha, iliyo upande wa kiungo baada ya bamba la ukuaji, shingo, inayofuata bamba hilo (metafisisi, si shingo ya nyonga), na shina, katikati. Osteosakoma hupenda shingo, na zaidi ya nusu ya zote huota kuzunguka goti, yaani chini ya paja au juu ya muundi. Mahali pa tatu kwa wingi ni juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega. Ewing na limfoma, saratani ya tezi za limfu, hupenda shina, na pia mifupa bapa kama nyonga na mbavu. Kwenye ncha, mtoto ambaye bamba bado liko wazi hupata kondroblastoma, uvimbe wa gegedu. Aliyekwisha kukua hupata uvimbe wa seli kubwa unaofika mpaka chini kabisa ya uso wa kiungo.

*Mpaka.* Hapa ndipo pa kukaa. Ukiwa na dakika moja tu ya kutazama picha, itumie yote kwenye mpaka kati ya kidonda na mfupa wenye afya. Ukubwa hauambii mengi, kwani uvimbe usio na madhara unaweza kuwa mkubwa na osteosakoma changa ikawa ndogo. Mpaka ndio unaoonyesha kasi.

Jaribu kuufuata mpaka kwa ncha ya kalamu. Ukiweza kuuchora wote, na ukawa na ukingo mweupe mwembamba, basi mfupa ulipata muda wa kujijengea ukuta, na hicho ni kitu cha polepole. Ukiweza kuuchora lakini hauna ukingo mweupe, kasi ni ya kati. Hapo mtume, hata kama mtaalamu atamrudisha. Kalamu ikikwama, hujui mfupa wenye afya unaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi, au ukaona vitundu vidogo vingi vilivyotapakaa kama ubao ulioliwa na mchwa, hicho ni kitu cha haraka. Cha haraka ni saratani au maambukizi makali, na yote mawili hayangoji. Gwilym Lodwick, mtaalamu wa mionzi wa Marekani, ndiye aliyeipanga mipaka hii kwa madaraja, na madaraja yake bado yanatumika duniani kote. Huhitaji kukariri namba zake. Kalamu inatosha.

Onyo moja. Eksirei haionyeshi mfupa ulioliwa mpaka kama asilimia 30 hadi 50 ya madini yake yawe yametoka mahali hapo. Picha safi kwa kijana anayeamka usiku kwa maumivu haimwondoi kwenye hatari. Mrudishe baada ya wiki mbili, piga tena, au mtume penye vipimo vikubwa zaidi.

*Utando wa nje.* Mfupa umevikwa utando uitwao periostio, na utando huo hujenga mfupa mpya kila unaposukumwa. Ukisukumwa polepole, hujenga tabaka moja nene, laini, lililoshikamana na mfupa. Hilo ni jibu la utulivu. Ukisukumwa kwa vipindi, hujenga matabaka juu ya matabaka, ambayo vitabu huyaita magamba ya kitunguu. Ukisukumwa kwa kasi usiweze kufuatilia, huacha nyuzi nyembamba zilizosimama wima kutoka kwenye mfupa au zilizotawanyika kama miale ya jua. Miale ya jua kwenye shingo ya paja la kijana wa miaka 14 ni osteosakoma mpaka ithibitike vingine.

Halafu kuna pembetatu ya Codman, inayobeba jina la mpasuaji wa Boston, Ernest Codman. Tazama pale uvimbe unapoanzia kuinuka kutoka kwenye mfupa: utando umenyanyuliwa, na pembeni tu ndipo ulipopata nafasi ya kujenga mfupa, ukaacha kipembe cheupe chenye ncha kali. Wanafunzi hujifunza kwamba pembetatu hii ni saratani. Si lazima. Usaha unaonyanyua utando kwa kasi nao huiacha. Inachokuambia ni kwamba chini yake kuna kitu kinachosukuma kwa nguvu, basi.

*Ndani na nje.* Ndani ya kidonda tafuta weupe. Weupe wa mawingu, usio na umbo, ni mfupa unaotengenezwa na uvimbe wenyewe, na hiyo ni tabia ya osteosakoma. Weupe wa vipete na vidoti ni gegedu lililoingia chokaa. Ukungu laini wa kijivu, kama kioo kilichosuguliwa, ni fibrasi displasia, hali isiyo ya saratani ambapo nyuzi huchukua nafasi ya mfupa. Kisha toka nje ya mfupa: je, mistari ya mafuta kati ya misuli bado ipo, au imesukumwa na donge? Donge la nyama nje ya mfupa ulioliwa ni dalili nzito, na ndilo watu wengi husahau kulitazama kwa sababu filamu imeungua pembeni. Kama unatumia mashine ya dijitali, badilisha mwangaza mpaka uone ngozi.

Tuyaweke pamoja. Tuseme ni mvulana wa miaka 15, goti la kushoto, miezi miwili. Picha ya mbele inaonyesha bamba la ukuaji bado liko wazi. Juu yake, kwenye shingo ya paja, upande wa ndani, mfupa una mabaka meusi na meupe yaliyochanganyika. Kalamu inaufuata mpaka huo kwa sentimita mbili kisha inapotea. Gamba gumu la nje limetoboka. Nje ya tobo hilo kuna donge lenye weupe wa mawingu, na kwenye ukingo wake wa juu, pale donge linapokutana na shina lenye afya, kuna kipembe cheupe kilichonyanyuka. Picha ya ubavuni inaonyesha donge limeelekea nyuma, penye mishipa mikubwa ya damu. Umri, mahali, mpaka, utando na ndani vyote vinasema jambo moja. Huhitaji picha ya tatu, wala wiki mbili za sindano za antibiotiki "tuone kwanza".

Hatua ya 4: Wapambanue wanaofanana

Huku kwetu mshindani mkuu wa saratani ni osteomielitisi, usaha wa mfupa, na ni ya kawaida mno kuliko saratani. Ndiyo maana hatuwezi kumtuma kila mwenye mfupa ulioliwa kwenda Kampala.

Usaha mkali huja kwa siku: homa, mtoto hataki kuguswa, mguu moto. Wiki ya kwanza eksirei huwa haina kitu kwenye mfupa. Mabadiliko huanza kuonekana baada ya siku 10 hadi 14. Kwa hiyo mtoto aliyeanza kuumwa juzi na picha yake tayari ina mfupa ulioliwa vibaya, hesabu zake hazikubaliani. Ama historia si sahihi, ama si usaha. Usaha wa zamani una alama zake: kipande cha mfupa mfu, cheupe kuliko vingine, kilichojitenga peke yake, ganda jipya la mfupa lililokizunguka, na tundu ambalo usaha hupitia, mara nyingi hadi kwenye kidonda kinachovuja ngozini. Ukiona hivyo vitatu pamoja una haki ya kuwaza maambukizi kwanza. Donge la nyama lenye weupe wa mawingu halimo kwenye orodha hiyo.

Mgonjwa wa sikoseli anaweza kupata mfupa uliokufa kwa kukosa damu, na usaha juu yake, mara nyingi wa bakteria wa salmonela. Picha zake zinaweza kutisha, na matabaka ya periostio yanakuwepo. Linalosaidia ni kwamba mara nyingi mifupa zaidi ya mmoja imeguswa, na historia ya maumivu ya namna hiyo ni ya tangu utotoni. Kijana ambaye hajawahi kupimwa, mpime. Kipimo ni rahisi.

Kifua kikuu cha mifupa hupenda uti wa mgongo na viungo vikubwa. Hula polepole pande zote mbili za kiungo, wakati uvimbe kwa kawaida huheshimu gegedu la kiungo na kubaki upande mmoja. Ukiona mifupa miwili inayotazamana imeliwa na nafasi kati yake imepungua, fikiria maambukizi.

Mfupa unaopona baada ya kuvunjika hujenga kovu nene ambalo kwa mgeni linafanana na uvimbe. Tafuta mstari wa mpasuko, na uulize kama aliwahi kufungwa magango. Misuli iliyogongwa nayo inaweza kugeuka mfupa. Huo huwa mweupe zaidi pembezoni kuliko katikati, na kuna ufa mweusi kati yake na mfupa halisi. Osteosakoma hufanya kinyume: weupe wake uko katikati na mzizi wake umo mfupani. Usaha wa misuli, unaopatikana sana katika nchi zetu za joto, huleta donge kubwa lenye maumivu, lakini mfupa ulio chini yake ni mzima.

Na ikitokea mpasuaji wako amefungua mfupa akidhani ni usaha, sheria ya zamani inaokoa: kila usaha upelekwe pia patholojia, na kila uvimbe upelekwe pia kuoteshwa vijidudu.

Taya ni habari nyingine

Uganda ina nafasi yake katika historia hii. Mwaka 1958 Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya watoto wenye uvimbe wa taya, na ugonjwa huo mpaka leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Hushika zaidi watoto wa miaka 4 hadi 9. Kabla uso haujavimba, meno hulegea na kusogea. Mtoto hupelekwa kwa mng'oa meno, jino linatoka, na uvimbe unaongezeka. Kwenye eksirei ya taya tafuta mstari mweupe mwembamba unaozunguka mzizi wa kila jino. Mstari huo ukipotea na meno yakaonekana yanaelea bila mfupa wa kuyashika, simamisha ung'oaji. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku chache, na pia ni miongoni mwa saratani zinazoyeyuka upesi kwa dawa. Hapa saa zina thamani kuliko mahali pengine popote katika mwongozo huu. Pima na tumbo.

Picha za kuacha zilivyo

Ni chache, zijue ili usimtishe mtu. Kibuyu cha mfupa kinachoota pembeni ya shingo na kuelekeza ncha yake mbali na kiungo, huku gamba lake likiendelea moja kwa moja na gamba la mfupa, ni osteokondroma. Ndio uvimbe usio wa saratani unaopatikana zaidi. Haumi, na huacha kukua kijana anapoacha kukua. Ukiendelea kukua ukubwani, au ukaanza kuuma, mtume. Kidonda kidogo kilichokaa ndani ya gamba la mfupa, chenye ukingo mweupe wa mawimbi, kilichoonekana kwa bahati katika picha ya jeraha, ni fibroma isiyotengeneza mfupa, na watoto wengi wanayo bila kujua. Tundu la maji la katikati, juu ya mkono, hujulikana baada ya kuvunjika, pale kijipande cha mfupa kinapoanguka chini ya tundu. Kijana anayeumwa sana usiku lakini ibuprofeni moja inamtuliza kabisa, na picha ina unene mweupe wenye kijitobo cheusi kisichozidi sentimita moja na nusu, ana osteoid osteoma. Hiyo hutibika, na haina haraka.

Hatua ya 5: Umeshuku. Sasa weka kisu chini

Usipasue. Usivute kwa sindano "kuona kama kuna usaha". Usichukue kinyama cha kupima, hata kama una ujuzi na vifaa. Njia ambayo sindano au kisu imepitia huchafuliwa na seli za saratani, na mpasuaji wa mwisho lazima aiondoe njia yote pamoja na uvimbe. Tundu likiwekwa mahali pasipofaa, mguu uliokuwa unaweza kubaki hukatwa. Ndiyo maana kinyama huchukuliwa na timu ileile itakayofanya upasuaji, baada ya picha zote, si kabla.

Mfupa ukiwa umevunjika juu ya uvimbe, fungia gango au plasta. Usiingize chuma ndani ya mfupa. Chuma hicho hubeba ugonjwa kutoka mwanzo wa mfupa hadi mwisho wake. Mwambie mgonjwa asikanyage, mpe magongo. Na uiambie familia waziwazi: mguu usichuliwe, usichanjwe, usifungwe vijiti wala usichomwe. Usimtukane muunga mifupa. Wengi wao ni watu wanaoaminiwa kijijini, na ukimtukana utampoteza mgonjwa. Mwambie mzazi kwamba mfupa huu haujavunjika kama ile anayoifunga muunga mifupa, una ugonjwa ndani yake.

Piga eksirei ya kifua. Osteosakoma hupenda kwenda mapafuni, na vivimbe vya mviringo mapafuni hubadilisha mpango wa matibabu. Chukua damu kamili, ESR (kasi ya kutuama kwa seli nyekundu za damu), na alikali fosfatesi (kimeng'enya kinachopanda mfupa unapojengwa) kama maabara inayo, ukikumbuka kwamba kijana anayekua huwa nayo juu hata akiwa mzima. Maabara isikucheleweshe, majibu yanaweza kumfuata.

Maumivu yatibiwe leo. Anza na parasetamoli na ibuprofeni, na zikishindwa usiogope mofini. Uganda ina mofini ya maji ya kunywa, na tangu 2004 wauguzi na klinikal ofisa waliopata mafunzo ya huduma shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya mgonjwa, wanaruhusiwa kuiandika.

Hatua ya 6: Barua na safari

Mtume hospitali ya rufaa ya mkoa yenye mpasuaji wa mifupa, au moja kwa moja Mulago, ilipo Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1967. Piga simu kwanza. Mgonjwa aliyetoka Moroto au Kisoro akafika getini siku ambayo kliniki haipo anarudi nyumbani, na harudi tena.

Barua iwe fupi na iseme unachokiona, si unachodhani. Mfano: "Mvulana, miaka 15. Maumivu ya paja la kushoto chini, miezi miwili, usiku. Eksirei: kidonda kwenye shingo ya paja, upande wa goti, mpaka hauonekani, gamba limetoboka, pembetatu ya Codman, donge la nyama lenye mawingu meupe. Kifua: hakuna vivimbe. Hajakatwa, hajachomwa sindano. Dawa alizopewa ni hizi." Lile "hajakatwa" ni neno ambalo mpasuaji atalitafuta kwanza. Kama amekatwa au amechanjwa, andika wapi na lini.

Familia zinauliza swali moja: watakata mguu? Usiahidi, wala usiwatishe. Nikikaa na mama mzazi husema hivi: "Mama, picha imeonyesha ugonjwa ndani ya mfupa ambao sisi hapa hatuwezi kuupima. Inawezekana ni saratani, inawezekana siyo. Huko wataupima, na wanazo dawa. Tukienda wiki hii watakuwa na njia nyingi za kumsaidia. Tukingoja, njia zinapungua." Si uongo. Osteosakoma hutibiwa kwa dawa, kisha upasuaji, kisha dawa tena. Zamani, mguu ulipokatwa bila dawa, wengi walikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Katika nchi zenye dawa zote na wapasuaji wa kutosha, leo takriban wawili kati ya watatu ambao ugonjwa haujasambaa huishi miaka mitano na zaidi.

Ongea na nauli pia, maana rufaa nyingi hufia hapo. Nani atasafiri naye, nani atabaki na wadogo zake, watalala wapi Kampala. Kwa mkimbizi, mpitishe kwa wahudumu wa afya wa makazi ili barua ya kusafiri na rufaa ziende pamoja. Mtafutie mtu wa kumtafsiria kama anajua Kiswahili tu na anakokwenda wanazungumza Kiganda.

Filamu asili aondoke nayo mgonjwa, ndani ya bahasha ngumu, isikunjwe. Wewe baki na picha ya simu. Andika namba ya simu ya mzazi na ya jirani kwenye daftari la rufaa, na jina la mhudumu wa afya wa kijiji chao. Siku ya saba piga. Kama hajafika, mtume mhudumu huyo nyumbani kwake kesho yake.